Nimekiharibu Kiti cha Papa

Kalemie, mtaa wa Kataki,
Jumamosi, siku ya posho, tarehe 9 Agosti 2025

Mpendwa Yaya Barthélemy, kaka yangu,

Pokea salamu zangu nyingi mimi mdogo wako Agathe. Habari za Kongolo? Wifi Micheline mguu wake umepoa? Na watoto, ile homa imewaachia? Kila nikikaanga samaki wa mikebuka nawakumbuka walivyogombania vichwa mwaka juzi, mpaka Papa akawatolea cha kwake.

Sisi huku hatuna ugonjwa wa kitandani, tunamshukuru Mungu. Lakini siwezi kusema tuko wazima. Tafadhali, barua hii usiisome mbele ya watoto. Isome peke yako, kisha utaona la kumwambia wifi.

Mwezi uliopita ulipopiga simu ukauliza habari za mzee wetu Papa, nilikujibu kwamba yuko salama, amelala. Hakuwa amelala, Yaya. Alikuwa amesimama mbele yangu, kofia kichwani, ananingoja nimalize kuongea ili tutoke. Nilikudanganya naye ananitazama. Tangu siku hiyo nikiona namba yako naifunika simu kwa kanga, ndiyo maana simu mbili za mwisho sikuzishika. Afadhali karatasi. Nimempa Mama Gisèle, yule anayeleta samaki wakavu huko kwenu, akufikishie mkononi.

Nianzie kwa Reine, maana chanzo kiko huko. Mtoto wetu amepata mchumba. Anaitwa Jovial, ni muuguzi, kijana mpole, baba yake ni mtu wa bandarini. Mwezi wa tano walileta barua ya kuomba waje kujitambulisha kwa familia, nasi tukawapa siku ya yenga, ile ya misa, mwisho wa mwezi wa sita. Nilitaka sana uwepo, lakini ulikuwa katikati ya mitihani ya wanafunzi wako.

Basi wiki ile nilianza kuitazama nyumba yetu kwa macho ya wageni. Nilipaka chokaa ukutani, nikashona mapazia. Kisha macho yangu yakatua kwenye kiti cha Papa, na hapo nikaona haya.

Wewe unakijua. Kiti kile cha mikono babu yetu alichotoka nacho Kirungu kwa boti, akampa Papa siku alipoingia kazi ya gari la moshi. Rangi ya kijani, juu yake rangi ya majivu, na pale viwiko vinapokaa rangi yote ilikwisha zamani, mbao tu. Pa kukalia, ule msuko wa Mama wa nyuzi za nyavu, umekuwa mweusi na umelegea katikati. Na kwa kuwa siku hizi Papa hawahi kuinuka kwenda msalani kila mara, kiti kilikuwa kinanuka. Mgeni akiingia, pua yake ndiyo ilikiona kwanza.

Kwa simu nilikuambia natengeneza kiti kama zawadi ya Papa. Si kweli. Nilikitengeneza kwa sababu ya wale watu wa bandarini. Nilitaka wakute kwetu kuna kiti.

Akili ya Papa inavyokwenda na kurudi, unajua, uliiona mwenyewe. Lakini kuna kitu sisi wote hatukukijua, hata mimi ninayemwogesha. Alikuwa akitoka uani huku ameduwaa, anauliza hii nyumba ni ya nani. Namshika mkono, namkalisha kwenye kiti chake. Anasugua mikono ya kiti mbele na nyuma, mara tatu, mara nne. Halafu anasema, "Aya." Baada ya hapo ananiita kwa jina langu, anamuuliza Reine kama amekula, anamtajia vituo vya gari la moshi kutoka hapa hadi kwenu bila kuruka hata kimoja. Mimi nilidhani anapumzika tu na akili inatulia. Yaya, ni kiti kilichokuwa kinamrudisha nyumbani.

Kazi ilinichukua siku tatu. Papa nilimpeleka jirani kwa Mama Thérèse, mjane wa rafiki yake wa kazi, akae naye barazani akinywa chai. Mimi na Reine tukakibeba kiti hadi nyuma ya jiko. Nilipaka soda ile ya kutengenezea sabuni ili rangi ilainike, ikaniunguza vidole viwili, nikaendelea. Tulikwangua kwa kisu na kwa vipande vya chupa. Rangi ya majivu ilitoka kama ngozi ya ndizi, ya kijani ikakataa, tukaisugua kwa msasa mpaka mabega yakauma. Nikaosha mbao kwa maji ya limau. Chini yake ikatokea mulombwa, ule mti mwekundu wa Marungu, mwekundu kabisa kama umekatwa jana.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilimwita Mama Thérèse aje aone. Nilijisifu.

Kwenye mkono wa kushoto kulikuwa na msumari aliotundikia redio. Niliung'oa, tundu nikaliziba kwa gundi na unga wa mbao. Kwenye mkono wa kulia zilikuwepo alama za meno yako ya utoto, zile Papa alizokuwa akiwaonyesha wageni akicheka. Nilizisugua hadi pakawa laini. Kisha nikapaka verni, ile ya kung'arisha mbao, mara mbili, kiti kikang'aa.

Msuko wa Mama niliukata kwa kisu cha jikoni. Haukukatika kirahisi. Reine aliniuliza, "Mama, tusimuulize Babu kwanza?" Nikamjibu, "Babu yako hata haoni tena anakalia nini." Ndivyo nilivyosema. Nikautupa kwenye takataka, na jioni nikazichoma. Mahali pake nikaweka sponji na kitambaa chekundu cha velu, kile laini chenye manyoya.

Papa aliporudi tulikuwa tumekiweka palepale pake, karibu na dirisha. Alisimama akikitazama.

"Hiki cha nani?"

"Chako, Papa. Tumekitengeneza."

"Hapana. Yangu iko wapi?"

"Njo hiki hiki, Papa. Kaa uone."

Nilimshika mkono, nikamkalisha. Alikaa kama mtu aliyekalishwa kwa daktari. Mikono yake ikaanza kusugua, ikateleza juu ya verni. Kidole cha kushoto kikawa kinatafuta msumari, kinatafuta, kinarudi nyuma, kinatafuta tena. Halafu akainuka, akaniambia kwa heshima, kama unavyomwambia mwenye nyumba usiyemjua: "Mama, asante. Mimi nitangojea kiti yangu." Akaenda kukaa sakafuni.

Tangu siku hiyo, Yaya, sijasikia tena ile "Aya." Na jina langu halijatoka tena kinywani mwake.

Nilijipa moyo kwamba atazoea. Siku ya wageni ikafika. Walikuja watu sita, wamevaa vizuri, na mkubwa wao, baba mdogo wa Jovial, tukamkalisha kwenye kile kiti. Papa tulikuwa tumemvalisha koti lake la kijivu. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kupumua. Ghafla akanyanyuka, akamwelekezea kidole yule mzee.

"Huyu njo mwizi. Alibeba kiti yangu, akaleta hii ya kunidanganya!"

Nilimkimbilia. Alinisukuma, Yaya. Papa wetu, ambaye hakuwahi kutupiga hata kofi, alinisukuma mpaka nikaangukia meza ya vinywaji. Yule mzee aliinuka bila hasira, akasema wanaelewa uzee, watarudi siku nyingine. Ni wiki sita sasa na hawajarudi. Jovial bado anakuja, anakaa na Reine nje ya ua, wanaongea kwa sauti ya chini. Reine hanilaumu kwa mdomo. Lakini chakula nikipika anakula amenigeuzia mgongo.

Baada ya hapo Papa akaanza kutoka. Siku moja ya pili ya juma alitoka asubuhi wakati nachota maji, na hadi saa saba mchana tulikuwa hatujamwona. Mama Thérèse alikwenda upande wa soko, Reine upande wa ziwa, mimi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikimwambia dereva aende polepole, naangalia kila mfereji. Nilifika mahali pa kuomba nimkute hata amevunjika mguu, ilimradi nimkute.

Alikuwa kwenye kituo cha gari la moshi. Amekaa chini, mgongo ukutani, kofia juu ya magoti. Kijana wa pale alisema amekuwepo tangu asubuhi, anamngojea shefu, mkubwa wa kituo, aandikishe mali iliyopotea. Walijaribu kumpa kiti cha plastiki akakataa. Midomo ilikuwa imekauka. Nilipopiga magoti mbele yake aliniuliza, "Mama, na wewe waliiba yako?"

Nililia pale mbele ya watu wote.

Siku ile ile niliamua kukirudisha kiti kilivyokuwa. Nilitafuta rangi ya kijani na ya majivu. Nikaenda kwa fundi Jean-Baptiste, yule mwenye karakana karibu na parokia, nikamwomba anikwangulie verni, apake rangi, halafu aichakaze pale kwenye viwiko. Alinitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa, lakini alifanya. Nikapigilia msumari mwingine mkono wa kushoto. Hata alama za meno nilijaribu kuzichonga kwa ncha ya kisu, nikashindwa. Meno ya mtoto hayachongeki.

Kwa msuko nilikwenda kwa mama mmoja ufukweni anayeshona nyavu. Alisuka siku mbili, vizuri kabisa, uzi umekazwa. Nikaupaka mafuta ya mawese na masizi ili uwe mweusi.

Nilimleta Papa taratibu. Kwa mbali uso wake ulifunguka. Alikaribia. Hakukaa. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya msuko kutoka ukingoni hadi katikati, macho amefumba.

"Aliyesuka hii ni fundi," akasema. "Lakini si Virginie."

Yaya, mtu huyu hajui kama tuko asubuhi au jioni. Mimi mtoto wake wa kumzaa hanijui. Lakini mkono wa Mama anaujua, miaka tisa tangu tumzike. Na mimi ndiye niliyeuchoma pamoja na maganda ya mihogo.

Nikuambie hali yake ya sasa bila kuficha. Halali kitandani, analala kwenye mkeka karibu na dirisha, pale pale kiti kilipokuwa. Ana kidonda nyongani kwa sababu ya sakafu, kimefunguka, nakiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Anakula vijiko vitatu, vinne, anasema atamaliza akishapata kiti. Suruali yake naifunga kwa kamba. Daktari alimpima, akasema moyo ni mzuri, mapafu ni mazuri, nimlishe. Nimlishe vipi mtu aliyefunga mdomo? Padri alikuja kumwombea, na Papa akamuuliza kama parokiani hawajakiona. Kuna siku nimejifungia jikoni nikauma kitambaa ili Reine asisikie.

Mama Thérèse ananiambia kwamba ugonjwa huu ungefika hapa tu, kwa kiti au bila kiti. Labda. Ananihurumia, kwa hiyo siwezi kujua kama anasema kweli.

Sasa nakuja kwa neno lililonifanya niandike. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili Mama aliposuka ule msuko, mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka miguu yake tu na uzi umetapakaa sakafuni. Lakini wewe ndiye uliyemshikia uzi. Alikuwa akikuita, "Barthélemy, vuta," na wewe unavuta. Mikono yako ilikuwepo. Yule mama wa ufukweni anasema kuna namna nyingi za kuanza, wengine wanaanzia pembeni, wengine katikati, wengine wanapiga fundo mara mbili kila wakigeuka, na kwamba Mama pengine alikuwa na namna ya kwao. Mimi sijui. Nimekata mafundo yale moja moja na sikuangalia hata moja.

Kuja, Yaya. Nakuomba kwa magoti. Shule hazijafunguliwa bado, una wiki tatu. Kama gari la moshi halipo, panda moto hadi Kabalo, hadi Nyunzu, popote, ulale njiani, lakini kuja. Uzi ninao. Kiti kipo. Kaa tu mbele yake uone kama mikono yako inakumbuka.

Najua inawezekana usikumbuke kitu. Najua inawezekana usuke kama Mama na bado Papa aseme hapana. Nimelifikiria hilo sana. Hata hivyo kuja. Kama atatuacha, asituache akiwa na mimi peke yangu, mtu asiyemjua.

Ukifika usinipigie kelele mbele ya Reine. Nyuma ya jiko utaniambia yote unayotaka, sitajibu.

Utashangaa pia ukitukuta mchana barabarani. Kila siku saa tisa Papa anavaa kofia, anasimama mlangoni, nami natoka naye. Nimeona kumfungia ni kumuua. Tunazunguka mtaa mzima, ananishika mkono kwa sababu mawe yanamtisha. Anabisha kila nyumba. "Hodi. Hamkuona muntu amebeba kiti?" Watu wameshatuzoea. Wanamjibu, "Hapana, Papa Omer, tukikiona tutakuita," na mimi nasimama nyuma yake natazama chini, maana wote wanajua aliyekichukua ni nani.

Jana tulifika mpaka kwenye reli. Alichoka, nikamtafutia jiwe akae. Alipumua kwa muda, halafu akanipapasa mkono, huu huu wenye alama ya soda.

"Mama, wewe uko muntu muzuri. Kila siku unatembea na mimi, na si kitu yako."

Nikaikaza kamba ya suruali yake.

"Sikiliza. Kama njo wewe utamukuta yule mwizi, mimi nikiwa sipo, usimupige. Usimuite na polisi. Pengine naye hakukuwa na mahali pa kukaa. Umwambie tu arudishe."

Nikamwambia, "Ndiyo, Papa. Nitamwambia."

Akaitika kwa kichwa, akanishika mkono, tukarudi.

Nisalimie wifi Micheline na mguu wake, nisalimie watoto mmoja mmoja, na mdogo kabisa umbusu kwa niaba yangu. Mwambie dada Bertille huko misheni atuombee, lakini habari hizi usimpe zote kwa mara moja, unajua presha yake. Reine anawasalimu, na Mama Thérèse pia.

Mungu aliyewalinda mpaka leo akufungulie njia kutoka Kongolo hadi hapa, akuweke salama kila utakapolala. Na Papa amhifadhi mpaka utakapobisha hodi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na kukungojea,

Agathe